Vituo pepe vya kuongoza ndege: Uswisi na majirani wake chini ya anga moja

Uswisi ina vituo viwili vya kuongoza ndege zilizo safarini, kimoja mjini Geneva na kingine Dübendorf, karibu na Zurich. Vyote viko chini ya shirika la Skyguide, linaloongoza pia ndege katika sehemu za anga ya nchi jirani, ikiwemo kusini mwa Ujerumani. Shirika hilo limedhamiria kuviunganisha vituo hivyo viwe kituo pepe kimoja, ilhali waongozaji wakibaki katika miji yao.

Katika mfumo wa zamani, kila kituo kina kompyuta na programu zake, na mwongozaji huona kile tu ambacho mitambo ya jengo lake inamwonyesha. Katika kituo pepe, taarifa za rada na za mipango ya safari huandaliwa kwa pamoja, kisha hupelekwa kwa mtandao hadi kwenye meza ya mwongozaji, popote ilipo. Lengo ni kwamba kituo kimoja kikipata hitilafu, kingine kiweze kuzipokea ndege zake.

Funzo la Überlingen

Umuhimu wa jambo hilo ulidhihirika usiku wa Julai 1, 2002, pale ndege ya abiria ya Urusi na ndege ya mizigo zilipogongana juu ya mji wa Überlingen, kusini mwa Ujerumani, katika anga iliyosimamiwa kutoka Zurich. Watu wote 71 waliokuwemo walifariki. Usiku huo mitambo ya Zurich ilikuwa ikifanyiwa matengenezo, laini kuu ya simu ilikuwa imezimwa, na mwongozaji mmoja alikuwa akihudumia meza mbili peke yake. Wenzake wa kituo cha Karlsruhe, Ujerumani, waliiona hatari kwenye skrini zao, wakapiga simu Zurich bila kupata. Walioona hawakuweza kumfikia aliyepaswa kuambiwa.

Mtandao ndio mhimili

Hata hivyo, kituo pepe hakiondoi udhaifu wote. Sehemu yake kubwa huhamia kwenye mtandao. Alfajiri ya Juni 15, 2022, anga ya Uswisi ilifungwa kwa saa kadhaa kutokana na hitilafu katika mtandao wa Skyguide. Hapakuwa na mdukuzi, lakini tukio hilo lilionyesha jinsi nchi nzima inavyoweza kusimama pale taarifa zinaposhindwa kusafiri.

Mdukuzi anaweza kuziiba taarifa, kuzizuia zisifike, au kuzibadilisha. Hilo la mwisho ndilo la kuogopwa zaidi. Skrini ikizimika, kila mtu huona, na waongozaji wana taratibu za dharura: hupunguza idadi ya ndege na kuongeza nafasi kati yao. Lakini skrini inayoonyesha ndege mahali isipokuwepo hufanana na skrini ya kweli. Kwa hiyo taarifa za rada hulinganishwa na zile za vyanzo vingine, kwani ishara za ADS-B, ambazo ndege hutangaza kueleza mahali zilipo, hazifungwi kwa msimbo wa siri.

Kinga nyingine ni kutenganisha mifumo. Mnamo Aprili 2023, wadukuzi wanaoiunga mkono Urusi waliishambulia tovuti ya Eurocontrol, shirika linaloratibu safari za anga barani Ulaya. Tovuti ilitatizika, lakini ndege ziliendelea kuruka kama kawaida.

Kanuni ya Umoja wa Ulaya nambari 2023/203, iliyopangwa kutumika kuanzia Februari 22, 2026, inayataka mashirika ya anga kuzitambua hatari za aina hii, kujikinga nazo na kuripoti matukio. Uswisi si mwanachama wa Umoja huo, lakini inashiriki katika EASA, shirika la Ulaya la usalama wa anga. Vituo vinapotegemea taarifa zilezile, uzembe wa kituo kimoja huwa hatari kwa abiria wa nchi zote zinazopakana.