Maji Hufuata Mkondo

Wahenga walisema kwamba maji hufuata mkondo. Mkondo wa mto kila mwenye macho huuona. Lakini maji yapitayo ndani ya mwamba, mamia ya mita chini ya ardhi, ni nani ajuaye njia yake? Swali hili liliwasumbua wachimba mafuta wa Marekani kwa miaka mingi, na historia yake yafaa kukumbukwa.

Mafuta ya ardhini hayakai katika ziwa, kama wengi wadhanivyo. Hukaa katika vitundu vidogo vya mwamba wa mchanga, kama maji yakaavyo katika sifongo. Hapo mwanzo gesi iliyochanganyika nayo huyasukuma kuelekea kisimani. Gesi ikiishiwa nguvu, mafuta mengi hubaki yamenaswa. Ndivyo ilivyokuwa huko Bradford, katika jimbo la Pennsylvania. Mwaka 1881 visima vya huko vilitoa mapipa yapata milioni 23, kisha mavuno yakazidi kushuka.

Siku zile maji yalihesabiwa kuwa adui. Sheria ya Pennsylvania iliwataka wenye visima wayazuie yasiingie katika mwamba wa mafuta. Lakini ilionekana kwamba maji yakipenya katika kisima kilichoachwa, pengine visima vya jirani huongeza mafuta. Mwaka 1880 John F. Carll, mtaalamu wa miamba, aliandika kwamba huenda maji yakaleta faida. Wachimbaji wengine wakayatia kwa siri, hata mwaka 1921 sheria ilipowaruhusu. Baadaye walianza kupanga visima kwa utaratibu: vinne vya kutilia maji katika pembe za mraba, na kimoja cha mafuta katikati. Mwaka 1937 mavuno ya Bradford yalifikia kilele cha pili.

Hata hivyo, mwamba haufanani mahali pote. Penye njia nyepesi maji hukimbia, yakafika kisimani upesi na kuyaacha mafuta ya pembeni. Hapo mwenye kisima hugharimia kuvuta maji aliyoyatia mwenyewe! Mwaka 1934 Morris Muskat na R. D. Wyckoff walichapisha uchunguzi wao wa mikondo hiyo, wakitumia hesabu na vielelezo vya umeme. Kwa maana mwendo wa umeme hufuata kanuni inayofanana na ile ya maji ndani ya mwamba.

Katika miaka ya 1990 wataalamu wa vyuo vikuu vya Marekani waliiendeleza fikra hiyo kwa kompyuta. Kwanza kompyuta huugawa mwamba katika vyumba vingi vidogo na kukadiria msukumo uliomo katika kila kimoja. Kisha huchora mistari ya mkondo toka kisima cha maji hata kisima cha mafuta, na kuufuata mwendo wa maji katika kila mstari kana kwamba ni mfereji wa peke yake. Hivyo hesabu ndefu hufupika, na mhandisi huona ni kisima kipi kinachokisukumia kipi, na ni wapi maji yapotea bure. Lakini penye gesi nyingi njia hii hupungukiwa na uhakika. Tena kompyuta haiujui mwamba ila kwa yale iliyoambiwa na wanadamu.

Sheria ile ya kale haikuwa ya kipumbavu, kwani maji yasiyoongozwa huharibu visima kweli. Adui hakuwa maji, bali kutojua yaendako.