Mkanda, gia na daftari: historia fupi ya saa iliyo ndani ya injini

Leo tunaongea historia, lakini si ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya kitu ambacho hukioni hata ukifungua boneti: gia za taimingi, au pinyo, kama wanavyosema mafundi waliojifunza kwa Kifaransa.

Kwanza tuelewane. Chini ya injini kuna krenki inayozungushwa na pistoni. Kuna pia kemshafti inayofungua na kufunga valvu. Krenki ikizunguka mara mbili, kemshafti inazunguka mara moja, na hazitakiwi kupishana hata jino moja. Kwenye dizeli kuna na pampu inayosukuma mafuta, nayo inafuata hesabu hiyohiyo. Kazi ya kuvifunga vyote viende pamoja ndiyo taimingi. Ndiyo saa ya injini.

Zamani saa hiyo ilikuwa chuma tupu. Ford Model T ya mwaka 1908 ilikuwa na gia zilizoumana moja kwa moja. Land Rover za zamani zilitumia cheni. Land Cruiser za dizeli ambazo wazee wetu walizijua, zenye injini ya 3B au 2H, zilikuwa na gia. Vyuma hivyo vinafanya kazi ndani ya oili, na mara nyingi vinazeeka pamoja na injini yenyewe.

Mwaka 1962 kampuni ndogo ya Ujerumani, Glas, ikatoa gari lake la 1004 likiwa na mkanda wa mpira wenye meno. Mkanda hauna kelele, ni mwepesi, ni wa bei nafuu, na hautaki oili. Makampuni mengine yakafuata. Land Rover wakauweka kwenye dizeli zao miaka ya 1980, ukaendelea kwenye 200Tdi ya mwaka 1989 na 300Tdi ya mwaka 1994. Toyota nao wakauweka kwenye 1HZ ya mwaka 1990, ile injini iliyobeba Land Cruiser nyingi za mashirika.

Sasa shida iko hapa. Cheni ikichoka, inapiga kelele na unaisikia. Mkanda unakatika kimya. Ukikatika, kemshafti inasimama lakini pistoni bado zinapanda, zinagonga valvu zilizobaki wazi. Kwenye Tdi, ukiwa na bahati, zinapinda zile fimbo zinazosukuma valvu. Ukikosa bahati, unafungua injini nzima. Kwa hiyo kiwanda kinaweka muda: kilomita kadhaa au miaka kadhaa, na kwenye vumbi na matope muda huo unapunguzwa. Maana yake nini? Mkanda unamtaka mwenye gari awe na kumbukumbu.

Halafu 300Tdi ikaleta mkosi wake. Kwenye baadhi ya injini hizo mkanda haukukaa sawasawa kwenye puli, ukawa unaliwa pembeni na kukatika kabla ya muda. Kiwanda kikatoa vipuri vilivyorekebishwa, lakini wenye magari wengine walikuwa wameshapoteza imani. Hapo ndipo kampuni moja ya Uingereza, Zeus, ikatengeneza gia za kuwekwa mahali pa mkanda. Yaani mafundi walirudi nyuma kwa makusudi.

Kurudi huko si rahisi, msidhani ni kufungua na kufunga tu. Mkanda unazungusha vyote upande mmoja, lakini gia mbili zikiumana, moja inaenda kulia na nyingine kushoto. Kwa hiyo lazima kuwe na gia ya katikati ya kurudisha mwelekeo. Gia ya kemshafti iwe na meno mara mbili ya ile ya krenki. Chuma kinakatwa meno kwenye mashine, kinakomazwa kwa moto, na nafasi kati ya jino na jino inabaki sehemu ndogo sana ya milimita. Ikibana sana, gia zinapata moto na kulia. Ikilegea, zinagongana na kujimaliza. Tena nyumba ya mkanda ilikuwa kavu, sasa inabidi oili ipate njia ya kuingia na ya kurudi chini. Ukisahau oili, gia zako mpya hazifiki mbali.

Nilipokuwa najifunza kazi kwenye garaji moja, tuliletewa pikapu ya dizeli iliyopita mikononi mwa watu wengi. Fundi aliuliza swali moja tu: “Mkanda ulibadilishwa lini?” Mwenye gari akasema aliyemuuzia alimwambia ni mpya. Kumbe huyo naye aliambiwa hivyohivyo. Fundi akataka kufungua auangalie, mwenyewe akakataa, ati ana safari. Baada ya wiki mbili pikapu ilirudi ikivutwa kwa kamba.

Siku hiyo nilielewa kwa nini watu walilipa pesa nyingi kurudia gia. Hawakununua chuma tu. Walinunua kutotegemea neno la mtu aliyeuza gari akaenda zake. Sisi tulio Gasorwe tunajua vizuri kufika mahali bila karatasi kunafanana na nini. Gari lisilo na daftari liko hivyohivyo: linatembea, lakini hakuna anayeweza kulitetea.

Ila gia nayo si muujiza. Inaishi kwa oili, na oili nayo ina tarehe yake. Ukikimbia daftari la mkanda, unakutana na daftari la oili.

Basi vijana mnaojifunza ufundi, kabla hamjapata mashine ya kukata gia, anzeni na kalamu. Ukibadilisha mkanda, andika tarehe na kilomita kwenye kifuniko chake kwa rangi isiyofutika. Na ninyi wa mashirika, gari likiisha kazi kwenu na kuuzwa au kutolewa, daftari lake litoke nalo. Anayelipokea anaweza kuwa anampeleka mama mjamzito hospitali usiku, na hana njia nyingine ya kujua mkanda umebakiza kilomita ngapi.