Maneno ya Matandiko na Maneno ya Ngozi: Habari za Ufipa

Nchi ya Ufipa ni uwanda wa juu uliokaa baina ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Mji wa Sumbawanga uko kimo cha yapata mita 1,800 juu ya bahari. Malisho ni mengi, na ng'ombe hustawi. Lakini farasi hakupata kuwa mnyama wa kazi huko. Sababu kubwa ilikuwa njia. Msafiri atokaye pwani ilimpasa kupita misitu ya miombo yenye mbung'o. Na mnamo mwaka 1895, huko Zululand, David Bruce alionyesha kwamba mbung'o ndiye aenezaye nagana, maradhi yauayo farasi na ng'ombe. Hata jeshi la Northey lilipoitwaa Bismarckburg, yaani Kasanga, mwezi wa Juni 1916, mizigo yake ilichukuliwa hasa na wapagazi.

Farasi basi hakufika, ila maneno yake yalifika. Mtu wa Sumbawanga husema kwamba fulani ameshika hatamu za uongozi, wala haoni ajabu. Hatamu ni neno la Kiarabu, na asili yake ni kamba ya kumwongozea ngamia. Lijamu, seruji, na farasi mwenyewe, yote yametoka Kiarabuni. Hata nira ya ng'ombe wa kulimia ina asili hiyo hiyo.

Tukiacha majina ya vyombo, tukatazama vitendo vya kuitunza ngozi, twaona mambo mengine. Kuwamba, kukanda, kupaka, kuchujuka, kupauka: haya ni maneno ya Kibantu. Ngozi ilikuwako bara kabla ya seruji, na maarifa yake yalikuwa na lugha yake.

Katika maneno hayo, mawili yastahili kuangaliwa sana. Kamusi nyingine hufasiri kuchujuka na kupauka kana kwamba ni jambo moja, yaani kupotewa na rangi. Fundi wa matandiko hawezi kukubali. Ngozi iliyochujuka imeondokewa na rangi yenyewe, kwa mvua, jua au msuguano. Iliyopauka imekosa mafuta tu, kama mwili wa mtu asiyejipaka. Rangi imo, lakini ukavu umeifunika weupe. Dawa ya kupauka ni kuosha chumvi ya jasho la mnyama, kuanika kivulini, kisha kupaka mafuta kidogo kidogo. Mafuta yaingiapo katika nyuzi kavu, rangi huonekana tena. Dawa ya kuchujuka ni kutia rangi kwanza, na mafuta baadaye. Atakayeitia rangi ngozi iliyopauka bila kuilisha mafuta atapata ukanda mzuri wa kutazamwa, nao utakatika kazini.

Rangi nyeusi nayo ina historia. Maji ya magome, kama yale ya mkandaa wa pwani, huipa ngozi wekundu. Ngozi hiyo ikipakwa maji makali yaliyolowekwa vyuma vyenye kutu, hugeuka nyeusi. Mafundi wa Ulaya walitumia njia hiyo kwa hatamu na seruji. Wafipa, waliofua chuma katika matanuri marefu yaitwayo malungu, walikuwa na chuma tele. Ila chuma kikizidi huila ngozi, na hapo pia mafuta ndiyo kinga.

Jambo hili si dogo kwa watunga kamusi. Ufipani leo ng'ombe wa plau na punda wa mkokoteni ndio wavaao kanda, na kamba za nailoni zinashindana na zile za ngozi. Kamba ya nailoni hufifia, bali haipauki. Ukanda wa mwisho wa ngozi ukitupwa, tofauti ya maneno haya mawili itakosa shahidi. Yafaa basi wakusanyaji wa maneno wawaendee wakulima na washona viatu wa Sumbawanga, waandike kila kitendo pamoja na kazi yake, wala si jina la chombo peke yake.