Betri Nne Zilizoshinda Rangi

Aprili 21, 1989, Nintendo ilianza kuuza Game Boy nchini Japani. Kilikuwa kifaa cha kijivu chenye skrini isiyo na rangi, ila vivuli vinne vya kijani kilichofifia, na gizani haikuonekana. Mwaka huohuo Atari ilileta Lynx yenye skrini ya rangi yenye taa ndani. Mwaka uliofuata Sega ikaja na Game Gear, nayo ya rangi. Kwa macho tu, Game Boy ilikuwa imeshashindwa.

Lakini Lynx na Game Gear zilikula betri sita kwa saa chache tu. Game Boy ilitumia nne, nazo zilidumu zaidi ya saa kumi. Nchini Marekani iliuzwa dola 89.99, takriban nusu ya bei ya Lynx.

Ushindi huo haukuwa wa bahati. Gunpei Yokoi, aliyeongoza utengenezaji wa Game Boy, aliajiriwa Nintendo mwaka 1965 kama fundi wa mitambo, wakati kampuni hiyo ya Kyoto ikitengeneza karata. Yokoi alipenda vipuri vilivyokwisha kuzoeleka viwandani, vya bei nafuu na visivyosumbua, kisha akavitafutia kazi mpya. Alisimulia kwamba aliwahi kumwona abiria kwenye treni akiua muda kwa kubonyezabonyeza kikokotoo; wazo hilo likazaa kifaa cha gemu cha mkononi, Game & Watch, iliyotoka mwaka 1980 kwa kutumia skrini za aina ileile ya vikokotoo.

Kilichobaki kilikuwa gemu ya kumvuta kila mtu. Henk Rogers, mchapishaji wa gemu, aliishawishi Nintendo iuze Game Boy pamoja na Tetris, iliyobuniwa Moscow na Alexey Pajitnov katikati ya miaka ya 1980, kwa sababu Tetris ingewavuta hata watu wazima. Ukijumlisha na Game Boy Color iliyofuata, ziliuzwa zaidi ya milioni 118. Yokoi mwenyewe alifariki katika ajali ya barabarani mwaka 1997.

Baadaye, Nintendo DS ya mwaka 2004 iliuzwa zaidi ya vifaa milioni 154. Kisha zikaja simu janja zenye gemu za bure, na soko likatikisika: mwaka 2011 Nintendo ililazimika kushusha bei ya 3DS, mrithi wa DS, kutoka dola 249.99 hadi 169.99 miezi michache tu baada ya kuizindua, na kifaa cha Sony, PlayStation Vita, hakikupata mrithi.

Switch ya Nintendo ya mwaka 2017, inayochezwa mkononi na kwenye televisheni, ndiyo iliyoufufua uwanja huu. Kampuni ya Valve ikafuata na Steam Deck mwaka 2022, kuanzia dola 399. Switch 2 ilipotoka Juni 2025 kwa dola 449.99, ziliuzwa zaidi ya milioni 3.5 katika siku nne. Wateja wapo, tena wengi. Lakini kwa bei hizo vifaa hivi vinamlenga mtu mwenye mshahara wake, na ngazi ya chini ya soko, ile aliyoijenga Yokoi, imeachiwa simu.