Umeme unavyomsaidia aliyepooza kutembea

KIHARUSI kinapompooza mtu upande mmoja, mara nyingi wayo hulegea na vidole vikaburura chini. Katika msongamano wa Barabara ya Tom Mboya jijini Nairobi, au vichochoroni Kawangware, jiwe dogo tu latosha kumwangusha.

Kifaa cha kuchochea misuli kwa umeme hufungwa chini ya goti. Kisigino kikiinuka, swichi iliyo kiatuni hupitisha mkondo hafifu katika neva ya mguu, nao wayo ukainuka. Wladimir Liberson na wenzake walieleza mbinu hiyo nchini Marekani mwaka 1961.

Haimfai kila mgonjwa. Neva itokayo uti wa mgongo hadi msulini sharti iwe nzima; mwenye kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo naye asithubutu kabla ya kumwona daktari.

Kikwazo kikubwa ni bei. Hata hivyo, majaribio mawili yaliyochapishwa Marekani mwaka 2013 na 2014 yalibaini kuwa banzi la plastiki, livaliwalo ndani ya kiatu, huongeza kasi ya kutembea karibu sawa na umeme, ingawa katika lile la 2013 wagonjwa walikipendelea kifaa. Mabanzi ya aina hiyo hutengenezwa papa hapa Nairobi, katika karakana ya chama cha walemavu cha APDK, Barabara ya Waiyaki.