Wazee wa Mwigobero na Mwaka 1974

Ndugu msomaji, ukitaka kuwaona wazee wetu, teremka Mwigobero hapa Musoma baada ya saa kumi jioni, jua likishalegea. Utawakuta chini ya mwembe, wanane au kumi hivi, wamezunguka bao moja. Wawili wanacheza, waliobaki wanawafundisha wanaocheza, na hao wanaofundisha ndio wenye kelele. Mtu asiyewajua atapita akisema, hawa nao hawana kazi.

Na mimi nilisema hivyohivyo. Nilipomaliza kidato cha nne na matokeo yakatoka yalivyotoka, nilijifungia chumbani miezi minane nikiandika riwaya ambayo haikufika sura ya tatu. Babu akachoka. Akaniambia, "Mjukuu wangu, kama kazi yako ni kuandika, njoo uwe karani wetu. Macho yetu yamekwisha." Basi ndivyo nilivyoingia kwenye chama cha wastaafu nikiwa na miaka ishirini na miwili.

Chama chenyewe hakina mhuri wala ofisi. Kina daftari kubwa lenye jalada gumu. Kuna kurasa za michango, elfu mbili kwa wiki kwa mwenye nazo. Kuna kurasa za wagonjwa wa kutembelewa. Kuna kurasa za misiba, na hizo ndizo zinazojaa upesi. Halafu mwishoni kuna kurasa chache za safari, maana kila mwaka wazee hawa hutoka mara moja kwenda kutembea. Mwaka mmoja walikwenda kisiwa cha Lukuba kwa boti ya mashine, na babu yangu, baharia mzima, ndiye peke yake aliyetapika. Mpaka leo hajasamehewa.

Nitawataja wachache, bila majina, kwa kuwa sikuwaomba ruhusa.

Babu alianza kazi miaka ya 1960 kwenye meli za Reli za Afrika Mashariki. Musoma haijapata kuwa na reli, lakini mabehewa ya mizigo yalifika gatini, yamepanda meli kubwa zilizoitwa Umoja na Uhuru. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika, na babu akajikuta ana mwajiri mpya na madai ya zamani. Wastaafu wa Jumuiya walidai haki zao miaka na miaka. Walifungua kesi mwaka 2003, wakafikia makubaliano na Serikali mwaka 2005. Wengi walikuwa wameshazikwa. Babu akiulizwa alipata nini husema, "Nilipata subira," halafu anaomba zamu yake ya bao.

Yupo Mama Mwalimu, mwanamke pekee pale chini ya mwembe, anayewafunga wote na kuniita mume wangu. Yupo Bwana Shamba, mpole, kofia haitoki kichwani. Na yupo mzee niliyemzoea kwa jina la Mzee Mutex, kwa sababu alimalizia utumishi wake kwenye kiwanda cha nguo cha Musoma. Huyu kwao ni upande wa Bunda, kwenye pamba.

Ilinichukua muda kugundua kwamba watatu hawa wamefungwa na mwaka mmoja, 1974.

Shuleni tulifundishwa Azimio la Arusha mpaka tukalikariri. Operesheni Vijiji kwenye daftari langu ilikuwa mistari minne. Tuliandika kwamba tarehe 6 Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kuwa kuishi katika vijiji si hiari tena bali ni amri, na kwamba kabla ya mwisho wa 1976 watu wote wa mashambani wawe wamehamia. Mstari wa mwisho ulisema wananchi "walihamasishwa". Sisi wa Mara zamu yetu ilikuwa 1974. Mamilioni ya watu walihama nchi nzima katika miaka ile michache. Kwingine walikwenda kwa hiari, wakifuata maji, shule na zahanati. Kwingine walikuja askari na magari, nyumba zikabomolewa ili mtu asiwe na pa kurudi.

Na mwaka huohuo, mwezi Novemba, Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa hapahapa Musoma ikatoa Azimio la Musoma. Iliamua kwamba elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo 1977, wala isisubiri hadi 1989 kama mpango wa awali ulivyosema. Walimu watatoka wapi? Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakafundisha huku wanafundishwa. Ndio hao walimu wa UPE ambao watu waliwacheka sana. Mama Mwalimu alikuwa mmoja wao. Aliingia darasani akiwa na miaka kumi na saba, baadhi ya wanafunzi wake wakimzidi urefu. Bila azimio lile, anasema, angeolewa mwaka ule kwa ng'ombe kumi na mbili, na ng'ombe walishahesabiwa.

Kwa hiyo ukimuuliza Mama Mwalimu 1974 ilikuwaje, atakwambia ndio mwaka aliofunguliwa mlango. Ukimuuliza Mzee Mutex, usimuulize karibu na bao.

Mwaka jana, mwezi wa kumi, ulizuka ugomvi wa safari. Wengine walitaka fedha zibaki kwa ajili ya misiba. Babu akasema misiba haijawahi kukosa fedha, ni furaha ndiyo inayokosa. Wakakubaliana kusafiri. Wapi? Wengi wakasema Butiama, siku ya kumbukumbu ya Mwalimu, tarehe 14, iko karibu, tuwahi kabla ya msongamano. Mzee Mutex akaweka kete zake chini.

"Mimi kwa Mwalimu siendi," akasema. "Yeye alikuja kwangu bila kualikwa."

Hapo ndipo niliposikia habari ya nyumba yake. Alikuwa ameoa karibuni. Amelima pamba misimu mitatu, amenunua mabati, amejenga. Ikaja operesheni. Mabati yakashushwa yakatupwa kwenye lori, ukuta ukasukumwa, yeye na mkewe wakaonyeshwa kiwanja kwenye kijiji kipya, porini. Mkewe alikuwa mjamzito. Aliyasimulia hayo haraka, kama mtu anayetaja bei, halafu akanyamaza. Bwana Shamba alikuwa anaangalia ziwa. Kila mtu pale alijua, isipokuwa mimi, kwamba mwaka ule Bwana Shamba alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita aliyetumwa kupima viwanja vya vijiji vipya kwa kamba.

Nilishangaa watu hawa wawezaje kucheza bao pamoja kila siku. Bado nashangaa.

Mama Mwalimu ndiye aliyepatanisha. Alisema safari ni ya Bunda, kumwona mwenzetu aliyepooza upande mmoja na sasa anakaa kwa bintiye. Butiama tutapita tu, asiyetaka kushuka asishuke. Kwa hiyo tulikodi Costa, tukapita Makutano, tukakata kushoto.

Kabla sijafika mbali, niseme neno kuhusu bao na Butiama, maana vijana wengi hatujui. Baba yake Mwalimu, Burito, alikuwa mtemi wa Wazanaki. Simulizi inayojulikana huku ni kwamba mtemi Makongoro wa Ikizu, upande huu wa Bunda, alikuwa akija kumtembelea, akicheza soro, yaani bao la huku. Kijana Kambarage akamfunga mgeni. Makongoro akaona akili ya mtoto, akamshauri Burito ampeleke shule. Mwaka 1934 mtoto akaanza Mwisenge, Musoma mjini, karibu maili 26 kutoka nyumbani. Simulizi za namna hii huwa zinaongezwa chumvi, lakini wazee wetu hawaitilii shaka hata kidogo, maana inawapa haki ya kukaa kwenye bao siku nzima. Ukiwaambia wanapoteza muda, jibu lao liko tayari, kwamba rais wa nchi alipatikana kwenye bao.

Naye alirudi kwenye bao. Aliacha urais mwaka 1985 na uenyekiti wa CCM mwaka 1990, akarudi Butiama kulima. Ndiye mstaafu mashuhuri kuliko wote wa mkoa huu. Alicheza bao na wazee wa kijiji. Alitafsiri Injili kwa utenzi, vitabu vikatoka 1996, akiwa na zaidi ya miaka sabini. Wakati huohuo alikuwa msuluhishi wa mgogoro wa Burundi, kazi aliyoendelea nayo mpaka alipofariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Sisi waandishi chipukizi tunaolalamika hatuna muda, tufikirie huyo.

Mwaka 1984, kabla hajaondoka madarakani, aliulizwa ni mambo gani asingeyarudia. Alitaja mawili, kufuta serikali za mitaa na kuvunja vyama vya ushirika. Yule mgonjwa wetu wa Bunda alikuwa karani wa ushirika, alipoteza kazi vyama vilipovunjwa 1976. Kwa hiyo yeye ametajwa. Mzee Mutex hajatajwa.

Tulifika Butiama saa nne asubuhi. Wazee waliingia makumbusho, wakapita polepole kama watu walio kanisani, kisha wakapanda Mwitongo penye kaburi. Mzee Mutex alishuka garini lakini hakuingia. Alikaa juu ya jiwe kivulini. Nilitumwa nimpelekee maji, nikamkuta Bwana Shamba amekaa jiwe la pili, naye hakuingia. Wala hawakujali kama nipo.

"Ile kamba niliishika mimi," alisema Bwana Shamba.

"Najua."

"Si kwenu. Lakini ni ileile."

"Najua, bwana. Ungekuwa wewe wa kwetu nisingekuwa nakufunga bao. Ningeshakufunga kwa hiyo kamba yako."

Wakacheka kidogo, kicheko cha wazee, cha kifuani. Bwana Shamba akavua kofia, mara ya kwanza namwona kichwa. Akasema aliambiwa wanawapelekea watu maji, na kuna vijiji viwili ambako maji yalifika kweli. Hakusema samahani. Mimi nilisubiri aseme, nikaona aibu kwa ajili yake, lakini Mzee Mutex hakuonekana kusubiri chochote. Aliuliza tu swali.

"Unajua Mwitongo maana yake nini?"

"Sijui, mimi si wa huku."

"Kwetu itongo ni pale palipokuwa na mji, watu wakahama. Mahame." Akaelekeza fimbo kwenye kaburi. "Hata yeye amelazwa kwenye mahame. Twende tukamsalimie, jua linakuwa kali."

Waliingia pamoja. Mimi nilibaki nyuma kidogo, nikamwona Mzee Mutex amesimama muda mrefu kuliko wote, midomo ikicheza. Kama alikuwa anasali au anagombana, si mimi wa kuamua.

Safari ya Bunda, kupitia Kiabakari, ilikuwa ya kelele na nyimbo, sina la kuandika. Mgonjwa tulimkuta amekalishwa nje anatusubiri tangu asubuhi, shati jeupe, viatu vimepigwa rangi. Ulimi mzito, lakini kichwa kizima. Bintiye alitupikia sato na ugali wa muhogo. Baada ya kula babu akatoa bao, kwa kuwa haendi popote bila bao, na mgonjwa akacheza kwa mkono wa kushoto, akamsimulia kila aliyesogea karibu jinsi mwaka 1967, akiwa kijana, alivyomwona Mwalimu akipita Bunda kwa miguu. Ulikuwa mwezi Oktoba, Mwalimu akitembea kutoka Butiama hadi Mwanza kuunga mkono Azimio la Arusha, maili 138. Vijana wa shule walitoka barabarani, na yeye alimfuata mpaka viatu vikakatika. Alisimulia neno moja moja, na hakuna aliyemmalizia sentensi. Nilipenda hilo. Nyumbani kwetu tunammalizia kila mtu sentensi.

Mzee Mutex alicheza naye mchezo wa mwisho. Katika bao, nalisema kwa wasiojua, kuna shimo moja liitwalo nyumba, ndilo lenye mali, na mpinzani hulitamani. Mgonjwa akailenga nyumba ya Mzee Mutex. "Hiyo ngumu," Mzee Mutex akasema, "nilishavunjiwa moja." Bwana Shamba ndiye aliyecheka wa kwanza, halafu akajishika mdomo.

Tulirudi Musoma usiku. Garini nilifungua daftari nikaanza hesabu za safari kwa mwanga wa simu. Kodi ya gari. Viingilio. Sukari na sabuni ya mgonjwa. Mzee Mutex, niliyedhani amelala, akaniinamia.

"Mabati yalikuwa kumi na manane," akasema. "Andika kumi na manane."

Sikujua niandike ukurasa gani. Si mchango, si mgonjwa, si msiba. Nikaandika hapohapo kwenye ukurasa wa safari, chini ya sabuni. Mama Mwalimu, aliyekaa nyuma yangu, akachungulia begani kama alivyozoea kuchungulia madaftari ya watoto.

"Weka tarehe, mume wangu. Kitu bila tarehe ni umbea."

Nikamuuliza Mzee Mutex tarehe. Alifikiri mpaka tukapita Makutano. Tarehe haijui. Anajua pamba ilikuwa imeshavunwa na bado haijalipwa.

Nikaandika hivyo: mabati 18, baada ya pamba, 1974.