Bia Nzito ya Watawa wa Munich

Mfungo wa Kwaresima uliwanyima watawa wa Paulaner chakula, si kinywaji. Ndiyo maana bia yao ilikuwa nzito: kimea kingi cha shayiri, sukari iliyobaki bila kuchacha, rangi ya kahawia, ladha ya ganda la mkate. Ilishibisha. Mwaka 1634 wapika bia wa mjini Munich walikwisha kuwashtaki kwa baraza la mji kwamba wanawaharibia soko.

Mwaka 1773 Bruda Barnabas alikabidhiwa upishi wa bia hiyo, akaiboresha. Monasteri ilifungwa mwaka 1799. Franz Xaver Zacherl akakikodi kiwanda chake cha bia mwaka 1806, baadaye akakinunua.

Washindani hawakulala. Bia ya watawa ilijulikana kwa jina la Salvator, nao wakauza “Salvator” zao mpaka jina hilo liliposajiliwa mwaka 1896 kuwa mali ya kiwanda hicho peke yake, ndipo wakabuni mengine yenye mwisho uleule wa “-ator”, kama Optimator.

Leo Salvator ina kilevi cha asilimia 7.9. Pipa hutobolewa rasmi huko Nockherberg baridi ikielekea ukingoni, na waziri mkuu wa Bavaria hupewa kikombe cha kwanza. Kisha yeye na wanasiasa wenzake hukaa kitako wakisutwa na kuigizwa jukwaani, mbele ya kamera za televisheni.